Nambari Ilikuwa ya Giaboksi: Kisa cha Bloku ya Ford V8 Iliyodaiwa Kuwa ya 1939

Usuli

Kisa hiki kilitokea Marekani, katika majimbo ya Kati Magharibi, na kinahusu injini moja ya Ford V8 ya hedi bapa iliyouzwa pamoja na gari la milango miwili la mwaka 1939. Majina ya wahusika, mji, kiasi cha fedha na nambari kamili za gari nimeviondoa. Muuzaji alikuwa mrithi wa marehemu aliyelihifadhi gari hilo bandani kwa miaka mingi. Mnunuzi alikuwa na nia ya kulirejesha katika hali lililotoka nayo kiwandani, na kwa kuwa gari lenye injini yake ya asili huuzwa kwa bei ya juu kuliko lile lililobadilishiwa injini, aliomba uchunguzi ufanyike kabla ya kumaliza malipo. Karakana ya kuchonga injini ninakofanya kazi ilitakiwa kujibu maswali mawili: bloku hii, yaani mwili wa chuma wenye silinda za injini, ilisubiwa (ilimiminwa kalibuni) lini, na je, ndiyo iliyotoka kiwandani na gari hili?

Injini ya hedi bapa ni ile ambayo valvu zake zimo ndani ya bloku, kando ya silinda, kiasi kwamba hedi inabaki kuwa kifuniko tu chenye nafasi ya moto na njia za maji. Ford ilitangaza V8 yake ya aina hiyo tarehe 31 Machi 1932, na jambo lililoifanya iwe ya pekee ni kwamba safu zote mbili za silinda na kasha la krankishafti vilisubiwa kuwa kipande kimoja katika kiwanda cha Rouge, Dearborn, jimbo la Michigan, kwa gharama iliyomwezesha mtu wa kawaida kununua gari la silinda nane. Injini ya kwanza ilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 221, yaani sentimita za ujazo 3622, na nguvu za farasi 65. Magari ya Ford ya Marekani yaliendelea kutumia injini za ukoo huo hadi mwaka wa modeli wa 1953.

Katika miaka hiyo yote bloku ilibadilika kwa hatua, na hatua hizo ndizo kalenda ya mchunguzi. Kuanzia 1932 hadi 1936 pampu za maji zilifungwa mbele ya hedi, na kila hedi ilishikwa na stadi 21, yaani vijiti vya chuma vyenye nyuzi vya kuifunga hedi kwenye bloku. Mwaka 1937 pampu zilihamia kwenye bloku yenyewe, na maji yakawa yanatokea katikati ya hedi. Katikati ya kipindi cha modeli ya 1938 stadi zikawa 24 kwa kila hedi. Mwaka 1939 Mercury, chapa nyingine ya kampuni ya Ford, ilianza na silinda pana zaidi, inchi 3 3/16 badala ya 3 1/16, ikiwa na ujazo wa inchi 239, na baada ya vita magari ya Ford nayo yakapewa ukubwa huo. Mabadiliko makubwa ya mwisho yalikuja na malori ya 1948 na magari ya 1949: nyumba ya klachi, ambayo hadi hapo nusu yake ya juu ilisubiwa pamoja na bloku, ikawa kipande cha kufungwa kwa boliti, distribyuta ikaondoka kwenye ncha ya kamshafti na kusimama wima, maji yakawa yanatokea mbele ya hedi. Ipo pia V8 ndogo ya nguvu 60 yenye stadi 17, ambayo mtu aliyewahi kuiona mara moja hawezi kuichanganya na hizi.

Madai na ushahidi ulioletwa

Muuzaji alisema injini ni ya 1939 na haijawahi kutoka garini, na alisema hivyo kwa imani ya kweli. Alikuwa na hoja tatu. Ya kwanza ilikuwa nambari iliyogongwa kwa chapa, ikiwa na nyota mwanzoni na mwishoni, iliyoanza na 18 na kufuatiwa na kistari na tarakimu saba; nambari hiyo ililingana, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki kama nambari ya injini. Ya pili ilikuwa kabureta ya Stromberg 97, ambayo inajulikana sana kuwa ya kabla ya vita. Ya tatu ilikuwa kumbukumbu ya ndugu wa marehemu, aliyelifahamu gari hilo tangu utotoni na hakukumbuka kuona injini ikishushwa.

Rafiki mmoja wa muuzaji alikuwa ameongeza dai kubwa zaidi: kwamba kwa kuwa nambari inaanza na 18, na Model 18 ndiyo V8 ya kwanza, huenda bloku ni ya 1932. Dai hilo lilikuwa limeshapandisha matumaini ya bei, na ilikuwa lazima lijibiwe kwa uwazi.

Mnunuzi alikuwa ameshatoa malipo ya awali kwa kutegemea ulinganifu wa nambari na hati.

Mfuatano wa uchunguzi

Injini na giaboksi vilikuwa vimekwisha kushushwa garini, bado vikiwa vimeungana. Kabla ya kusafisha chochote tulisoma umbo. Pampu za maji zilikuwa kwenye bloku, kwa hiyo miaka ya 1932 hadi 1936 iliondoka mara moja, na dai la 1932 likaondoka nayo. Stadi zilikuwa 24, kwa hiyo bloku haikuweza kutangulia katikati ya 1938. Nyumba ya klachi ilikuwa imesubiwa pamoja na bloku na distribyuta ilikaa kwenye ncha ya kamshafti, kwa hiyo haikuwa ya muundo wa 1949. Matokeo ya hatua hiyo, iliyohitaji macho na tochi tu, yalikuwa kipindi cha kuanzia 1938 hadi 1948, na mwaka 1939 ulikuwa bado unawezekana kabisa.

Kisha tuliitazama ile nambari yenye nyota. Ilikuwa imegongwa kwenye kasha la giaboksi, upande wa juu, karibu na linapokutana na bloku. Hilo si jambo la ajabu: katika magari ya Ford V8 yaliyotengenezwa Marekani kati ya 1932 na 1948, nambari iligongwa kwenye kasha la giaboksi na kwenye fremu, na bloku yenyewe haikupewa nambari ya mfululizo. Majimbo mengi ya Marekani yalisajili magari kwa kile yalichokiita nambari ya injini, na kwa Ford nambari hiyo ilichukuliwa pale juu ya giaboksi. Kwa hiyo ulinganifu wa nambari na hati ulithibitisha kwamba giaboksi ni ya gari hili. Kuhusu bloku haukusema lolote. Kile kiambishi 18 nacho kilianza 1932 kweli, lakini Ford iliendelea kukitumia kwa V8 zake za ukubwa wa kawaida hadi 1942, hesabu ikipanda bila kurudi mwanzo. Nambari iliyopita milioni 4, kama hii, inaangukia vizuri mwishoni mwa miaka ya 1930.

Hatua ya tatu ilikuwa kusafisha sehemu ya juu ya nyumba ya klachi, nyuma ya manifoldi. Palikuwa na tabaka za rangi na mafuta yaliyokauka, na tulitumia kiyeyusho na brashi ya nailoni badala ya kusaga, kwa sababu herufi zilizosubiwa huinuka juu ya uso wa chuma na mashine ya kusagia huzifuta pamoja na uchafu. Chini yake paliibuka maandishi 59AB, yakiwa na uso uleule wa chembechembe za mchanga wa kalibu kama chuma kilichoyazunguka.

Katika utaratibu wa Ford wa wakati huo tarakimu ya kwanza ilitaja mwaka wa kubuniwa kwa kifaa, kwa hiyo 5 ni 1945, na 9 iliashiria ukoo wa Mercury, yaani silinda pana. Muuzaji alipinga, na upinzani wake ulikuwa wa haki: alama moja ya kiwandani inaweza kusomwa vibaya, na yeye alitaka ushahidi wa pili usiotegemea herufi. Kwa hiyo hedi zilifunguliwa.

Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 81.7. Silinda ya Ford ya 1939 ilikuwa milimita 77.8, na ya Mercury, ambayo ndiyo ya muundo wa 59A (ukoo wa hiyo 59AB), milimita 80.96; ukiongeza elfu 30 za inchi, yaani inchi 0.030, ambacho ni kipimo cha kawaida cha kuchonga silinda upya, unafika 81.7. Pistoni zilikuwa na chapa 030 juu ya vichwa vyake. Hata hivyo kipimo hiki peke yake hakitoshi, na hapa ndipo mafundi wengi husimama mapema mno. Tofauti ya silinda ndogo na kubwa ni moja ya nane ya inchi tu, na kwa miaka mingi wajenzi wa magari ya mbio walichonga bloku za inchi 221 hadi zikafikia upana wa Mercury. Silinda pana inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo au ya kupewa. Tulipima kwa hiyo unene wa kuta kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na kuta zilikuwa bado nene kuliko ambavyo zingebaki katika bloku ndogo iliyochongwa kiasi hicho. Mwisho tulipima mashimo ya beringi kuu ndani ya bloku: yalikuwa ya kupokea krankishafti yenye shingo za inchi 2.5, ilhali Ford ya 1939 ilikuwa na shingo za inchi 2.4. Krankishafti inaweza kubadilishwa. Mashimo ya bloku yanakaa palepale.

Baada ya swali la utambulisho kujibiwa tulipima uzima wa bloku kwa unga wa sumaku. Tulikuta nyufa fupi kutoka matundu ya maji hadi matundu ya stadi, ambazo ni za kawaida katika injini hizi na mara nyingi hazina madhara, na ufa mmoja mbaya uliotoka kwenye kiti cha valvu ya ekzosi hadi ndani ya silinda. Mahali pa ufa huo hapakutushangaza. Katika V8 hii valvu za ekzosi hutoa moshi kuelekea nje kwa kupitia ndani ya bloku, katikati ya njia za maji, na silinda nne za kila upande hugawana matundu matatu tu, zile mbili za katikati zikitumia moja. Joto la moshi huingia kwenye maji kabla ya kutoka nje, na injini inapokosa maji ya kutosha, chuma chembamba kati ya kiti cha valvu na silinda ndicho hupasuka kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuandika kipindi badala ya mwaka. Mnunuzi alitamani mwaka mmoja, na wauzaji wengi wangemwandikia 1946 kwa sababu unapendeza. Lakini 59AB ni jina la muundo. Linasema kwamba bloku haiwezi kuwa ya kabla ya 1945. Halisemi ilisubiwa mwaka gani kati ya hapo na mwisho wa muundo huo katika magari ya 1948.

Uamuzi wa pili ulihusu nambari. Mtu mmoja aliyekuwapo alipendekeza nambari ya giaboksi igongwe pia kwenye bloku, ili vyote vilingane na mnunuzi wa baadaye asiulize. Tulikataa kabisa. Sheria ya Marekani inakataza kuchezea nambari za utambulisho wa gari, na zaidi ya sheria, kugonga nambari mahali ambapo kiwanda hakikuigonga ni kutengeneza ushahidi wa uongo utakaomsumbua kila atakayelichunguza gari hilo baadaye. Badala yake tulimshauri mnunuzi aitafute nambari kwenye fremu, upande wa kushoto, ambako Ford iliigonga kwa mara ya pili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuitengeneza bloku. Kulikuwa na hoja ya kuitupa, kwa kuwa haikuwa ya asili na ilikuwa na ufa, lakini bloku za 59A zenye kuta nene hazipatikani kwa wingi tena, na ufa uliokuwapo ungeweza kuzibwa kwa kuweka silivu, yaani bomba la chuma la kuvisha ukuta wa ndani, kwenye silinda ile moja na pete mpya ya kiti cha valvu. Mnunuzi alikubali baada ya kuelezwa kwamba bloku hii inakaa kwenye gari la 1939 bila kukatwa chochote, na kwamba kwa nje inatofautiana na ile ya asili kwa mambo machache sana.

Matokeo

Nambari ya fremu ilipatikana, na ililingana na hati na giaboksi. Gari lilikuwa halisi na giaboksi ilikuwa yake. Bloku peke yake ndiyo iliyoingia baadaye. Bei ilijadiliwa upya na kushuka, hati ya umiliki ikabaki bila dosari, na muuzaji, ambaye aliona kila kipimo kikichukuliwa mbele yake, hakuwa na malalamiko. Bloku iliyotengenezwa ilijaribiwa kwa shinikizo la maji na haikuvuja. Kabureta ya Stromberg 97 iliuzwa peke yake. Mnunuzi analiendesha gari kwa injini hiyo huku akitafuta bloku ya inchi 221 yenye stadi 24.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni mpangilio wa ushahidi kulingana na ugumu wa kuuondoa. Chochote kinachofunguka kwa spana kinaeleza historia ya spana. Kabureta ni mfano mzuri: 97 katika jina lake inatokana na upana wa koo lake, inchi 0.97, na Ford iliitumia kuanzia 1936 hadi 1938, kwa hiyo hata kwenye injini ya 1939 ingekuwa mgeni. Tangu zamani watu wa magari ya mbio wameifunga juu ya kila V8 waliyoipata, na leo bado inatengenezwa upya. Hedi ziko karibu na kundi hilohilo, kwa sababu hedi ya stadi 24 hukubali bloku nyingi. Mahali maji yanapotokea katika hedi panaeleza umri wa hedi, na ni bloku pekee inayoweza kuthibitisha umri wa bloku. Nyumba ya klachi, idadi ya stadi, mahali pa pampu, mashimo ya beringi kuu na herufi zilizosubiwa ni mambo ya aina nyingine, kwa sababu yalitoka kalibuni na kwenye mashine za kiwandani pamoja na chuma chenyewe.

Kilichoshindwa kilianza katika ofisi ya usajili miongo mingi iliyopita, pale nambari iliyogongwa kwenye giaboksi ilipoandikwa kwenye hati kama nambari ya injini. Neno hilo moja lilimfanya mrithi aamini jambo ambalo hati haikuweza kujua. Mnunuzi naye alitoa malipo ya awali juu ya neno hilo, na ingawa aliokolewa na uungwana wa muuzaji, katika biashara nyingine asingekuwa na nguvu ya kurudi mezani. Usafishaji wa nyumba ya klachi ni kazi ya muda mfupi kwa kiyeyusho na brashi, na ungepaswa kutangulia fedha.

Kumbukumbu ya ndugu inastahili heshima kuliko inavyopewa mara nyingi. Alisema hakuwahi kuona injini ikishushwa, na hakuna sababu ya kumtilia shaka. Injini ilibadilishwa kabla ya kumbukumbu zake kuanza. Historia ya wakati huo inaeleza kwa nini. Uundaji wa magari ya raia Marekani ulisimama Februari 1942, na Ford ilianza tena Julai 1945, kwa hiyo magari ya 1939 yalilazimika kubeba watu kwa miaka yote ya vita bila kupatikana mbadala, na mwisho wa vita yalikuwa na injini zilizochoka. Bloku mpya yenye nguvu zaidi, inayokaa mahali palepale bila marekebisho, ilikuwa jibu la kawaida kabisa. Ninapoona gari la mwisho wa miaka ya 1930 lenye bloku ya 59A ninaliona kama gari lililotumika ipasavyo, na sioni sababu ya mwenye nalo kuona aibu.

Kuna tofauti kati ya mipaka miwili ya kipindi tulichokiandika, na tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayetoa tarehe za namna hii. Mpaka wa chini ni mgumu: bloku yenye muundo wa 1945 haiwezi kuwa ya 1939, hata ushahidi mwingine useme nini. Mpaka wa juu ni laini, kwa sababu injini za kubadilishana ziliendelea kuuzwa kwa wenye magari ya zamani hata baada ya modeli mpya kuingia, na mafundi wa kurekebisha injini walichanganya bloku na vifaa walivyokuwa navyo. Ndiyo maana taarifa yetu ilisema "si kabla ya 1945" kwa uhakika, na "muundo uliotumika magarini hadi 1948" kama maelezo.

Kalenda hii ni ya Dearborn, na haihamishiki kila mahali bila tahadhari. Nchini Uingereza Ford Pilot iliyoundwa kuanzia 1947 hadi 1951 ilitumia ujazo wa sentimita 3622, wakati Ford za Marekani zilikuwa zimeshahamia inchi 239. Kwa hiyo silinda ndogo, ambayo Marekani ingeashiria miaka ya kabla ya vita, huko inaweza kuwa ya baada yake. Nchini Ufaransa Simca iliendelea kutengeneza V8 ya ukoo huu kwa malori ya jeshi muda mrefu baada ya Marekani kuiacha. Kanada nayo ilikuwa na kiwanda chake, na Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa na haki ya soko la makoloni ya Uingereza, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam anayekuta V8 ya hedi bapa kwenye lori la zamani la shambani aanze kwa kuuliza ilisubiwa nchi gani, kisha ahesabu stadi.

Maneno tuliyomwandikia mnunuzi, ambayo yamebaki katika faili la gari, ni haya: "Bloku ya Ford V8, muundo wa 59AB, muundo uliotumika magarini hadi 1948, silinda imechongwa elfu 30 za inchi juu ya kipimo cha kiwanda, silinda moja imevishwa silivu, haikusubiwa kabla ya 1945, si bloku ya asili ya gari hili. Giaboksi na fremu zinalingana na hati."